Bibi yake anadai mbuzi, mimi namtaka mwanangu

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 31, nakaa Uyole hapa Mbeya. Kazi yangu ni kununua viazi mashambani, Isyonje na Ntokela, na kuvipakia kwenye malori ya Dar. Niliwahi kuishi na binti wa Kyela mwaka mmoja na miezi saba, chumba kimoja, bila ndoa wala barua ya posa. Tukapata mtoto wa kike. Tukashindwana, akarudi kwao mtoto akiwa na miezi kumi.*

*Sasa mtoto ana miaka mitano na miezi kadhaa, Januari anaingia darasa la kwanza. Mama yake tangu Mei yuko Dar anatafuta maisha, mtoto kabaki kwa bibi yake Kyela. Kila mwezi natuma elfu hamsini kwenye simu ya bibi, na mara nyingine natuma kiroba cha viazi kwa Coaster. Nikienda kumwona nakalishwa kwenye benchi nje. Bibi anasema sijalipa hata mbuzi, kwa hiyo pale sina mtoto. Kwenye cheti cha kuzaliwa wameandika ubini wa babu yake.*

*Baba zangu wadogo wamegawanyika. Mmoja anasema nisubiri afikishe miaka saba, hapo ni wangu kisheria. Mwingine anasema nichukue bodaboda wawili nikamwinue akitoka shule ya awali. Mwezi wa nane nilifika mpaka getini. Mtoto akaniona, akanikimbilia, nikaishiwa nguvu. Nikamnunulia andazi nikaondoka. Mama, mwanaume ambaye hakuoa ana haki gani kwa mwanawe?*

*Baba wa Mmoja, Uyole*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika pale kwenye andazi niliweka kikombe cha chai chini. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi hapa Tukuyu kwenye maparachichi yangu. Wanaume waliofika getini nikawaona wengi. Waliogeuka na kuondoka ni wachache, na hilo la kugeuka nitalirudia baadaye.

Kwanza tumalizane na baba mdogo wa miaka saba, maana huyo hayuko peke yake. Nusu ya wanaume wa mkoa huu wanaamini hivyo, na wanawake pia, ndiyo maana wengine huhama na mtoto anapokaribia umri huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Imeishia hapo. Haikusema kwamba siku ya kuzaliwa ya saba mtoto anapakiwa kwenye basi kwenda kwa baba. Akishavuka saba hakuna anayependelewa kwa umri tu, hakimu anapima mambo yote upya. Na hata kabla ya saba, dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Sasa angalia neno lililotumika: mama. Dhana hiyo imewekwa kwa ajili ya mama, bibi hakutajwa. Mama wa mtoto wako yuko Dar. Sisemi kamtupa mwanawe, msichana anayekwenda kutafuta riziki na kumwacha mtoto kwa mama yake mzazi ni jambo la kila siku huku kwetu, na mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Lakini ukisimama mbele ya hakimu, hoja ya umri mdogo haimwangukii bibi kwa uzito uleule.

Kuhusu kutokuoa. Kuna uvumi mwingine wa mitaani kwamba mkikaa pamoja miezi sita tayari mmeoana. Si kweli. Sheria hiyohiyo ya 1971 inataka muda wa miaka miwili au zaidi, na watu wawe wanawachukulia kama mke na mume, na hata hapo ni dhana inayoweza kuvunjwa. Ninyi mlikaa mwaka na miezi saba, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kubishania hilo. Wala hulihitaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto anaweza kuomba mahakamani apewe malezi ya mtoto, au apewe nafasi ya kumwona. Imesema mzazi. Haikuuliza pete wala mahari.

Kazi yako ya kwanza basi ni kuwa mzazi kwenye karatasi, maana kwenye damu unasema tayari upo.

Hapo ndipo tunamfikia mbuzi.

Najua mbuzi huyo anakuudhi. Unaona kama unauziwa mwanao. Zamani mambo yalikuwa hivyo kweli: kanuni za sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanaume ambaye hakuoa amhalalishe mtoto kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100, kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Shilingi mia! Leo hupati hata hilo andazi. Lakini Sheria ya Mtoto inapotaja mambo ambayo mahakama itayaangalia kutambua nani ni mzazi, imeweka jina lililo kwenye rejesta ya vizazi, imeweka kukiri hadharani, imeweka majibu ya vipimo vya vinasaba na hata kitendo cha mtu kukataa kupimwa, na katikati ya hayo yote imeweka sherehe ya kimila iliyofanywa na baba wa mtoto.

Umenielewa? Mbuzi anayedaiwa na bibi ni ushahidi wako. Wewe unamwona kama faini, mimi namwona kama cheti chenye miguu minne. Mtafute mtu mzima wa ukoo wenu mwenye ulimi wa taratibu, si hao baba zako wadogo wawili, tafadhali. Nendeni mchana, mkaombe radhi kwanza kwa kuishi na binti wa watu bila kubisha hodi kwao. Hilo ulilikosea na hujaliandika kwenye barua yako hata kwa mstari mmoja. Mbuzi apokelewe mbele ya wazee wa pande zote mbili, na iandikwe karatasi, hata ya daftari: tarehe, majina ya waliokuwepo, sahihi au dole gumba, na sentensi moja kwamba fulani amekuja kujitambulisha kama baba wa mtoto fulani. Yasiandikwe maneno ya kununua wala kukomboa.

Cheti chenye ubini wa babu kisikuvunje moyo. Hapa Mbeya tangu mwaka 2013 watoto chini ya miaka mitano wameandikishwa bure kliniki na kwenye ofisi za kata, vyeti vinaandikwa kwa mkono palepale, na msichana aliyekwenda peke yake amebeba mtoto mgongoni angeandika jina la nani? Wewe ulikuwa Isyonje unapima viazi. Cheti ni ushahidi mmoja kati ya kadhaa. Kama una kadi ya kliniki yenye jina lako, picha, jumbe za M-Pesa za hizo elfu hamsini, weka pamoja. Jumbe hupotea simu ikidondoka kwenye tope, kwa hiyo nunua daftari uandike tarehe na kiasi, na viroba vya viazi vilevile. Mahakama ikitoa amri ya kukutambua kama baba, amri hiyo ndiyo utakayokwenda nayo RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, kuhusu cheti.

Bodaboda wawili. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria mikononi mwa mtu anayemlea kihalali. Ungeanza siku ile kuwa mtuhumiwa badala ya mwombaji, na bibi angepata hadithi ya kumsimulia hakimu mpaka saa ya chakula. Kuna na jambo ambalo wanaume hawalifikirii: mtoto aliyenyakuliwa barabarani na pikipiki hukumbuka kelele ya ile injini. Niliwahi kukaa na mvulana wa miaka sita, kila pikipiki ilipopita nje ya ofisi alishika mguu wa meza. Aliyemchukua alikuwa baba yake mzazi, tena alimpenda. Wewe ulinunua andazi. Usijidharau kwa siku ile.

Njia yenyewe si ngumu, ila ina kukaa kwenye mabenchi kwingi. Uanzie Kyela anakoishi mtoto, si Uyole. Chukua barua ya serikali ya mtaa wako, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ya huko, eleza, acha nakala za vielelezo. Afisa atamwita bibi, atampigia mama wa mtoto, atawakalisha. Mashauri mengi ya namna yako huishia hapo, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa. Yakishindikana, unapeleka maombi Mahakama ya Watoto. Usihangaike kutafuta jengo lenye kibao hicho, ulizia masijala ya mahakama ya wilaya. Anayesikiliza ni hakimu mkazi, na shauri husikilizwa faragha, hakuna majirani wa kujazana madirishani. Wakili si lazima. Tafuta msaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure. Hataruhusiwa kukusemea mahakamani, lakini atakusaidia kuandika maombi yasiyo na matusi, na kwa hasira uliyonayo utamhitaji.

Kabla hakimu hajaamua, huenda akamtuma afisa ustawi aje kwako. Hapo naomba unisikilize kwa makini, maana nazungumza na aibu yangu.

Mwanzoni kabisa mwa kazi nilitumwa kuandika taarifa ya baba mmoja aliyekuwa akimwomba binti yake wa miaka minne. Nikafika nyumbani kwake, nyumba nzuri, sakafu ya vigae, kitanda cha mtoto bado kina nailoni ya dukani. Mama wa mtoto alikuwa kwenye chumba cha udongo kinachovuja. Nikaandika vigae, nikaandika televisheni, nikaandika choo cha ndani. Kwa mkono wangu. Baba alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Sikumuuliza nani anabaki nyumbani akivuka Tunduma. Baada ya miezi sita mtoto alirudishwa kwa mama yake, amekonda, ana vidonda kichwani visivyotibiwa, kwa sababu aliyekuwa akibaki naye ni kijana wa kufunga geti. Amri za malezi zinaweza kubadilishwa, ashukuriwe Mungu, lakini ile miezi sita hakuna aliyeibadilisha.

Tangu siku hiyo kila baba nilimuuliza maswali yaleyale, na wewe nakuuliza hapa gazetini. Mwanao anavaa kiatu namba ngapi? Mwalimu wake wa awali anaitwa nani? Usiku anaogopa nini? Ukitoka saa kumi alfajiri kwenda Ntokela kuwahi wakulima, nani anamwamsha, nani anamchemshia uji, nani anamwogesha? Usinijibu "dada yangu" kama dada yako hajaulizwa. Na ni chumba kilekile kimoja? Binti anakua, huyo.

Nilikutana na baba mmoja, mbeba mizigo wa soko la Mwanjelwa, hakuwa na kitu. Nilipomuuliza habari ya kiatu akatoa pochi, akatoa ukamba wa mgomba umekaukia humo. Kila alipokwenda kumwona mwanawe alipima wayo, akakata ukamba, akaja nao Mwanjelwa kuchagua viatu vya mtumba. Ule wa zamani alikuwa hajautupa, alikuwa nazo tatu, moja fupi kuliko nyingine. Niliziandika kwenye taarifa, urefu wake kwa sentimita. Nilihisi mheshimiwa hakimu angependa kujua.

Hakimu atapima nini? Maslahi ya mtoto yako juu ya yote. Chini yake kuna umri na jinsia ya mtoto, umuhimu wa kuwa na mama yake, kwamba ni vizuri mtoto akae na wazazi wake, anachotaka mtoto mwenyewe kama hakufundishwa cha kusema, kutotenganishwa na ndugu zake, na kutokukatizwa malezi aliyoyazoea. Hilo la mwisho ndilo litakalokubana. Mtoto huyu tangu ana miezi kumi analala kitanda kimoja na bibi yake. Amezoea joto la Kyela, wali na ndizi, anacheza kifua wazi chini ya mikakao. Wewe unataka umlete Uyole kwenye baridi la Juni. Anaweza kuzoea, watoto huzoea. Ila usimweleze hakimu kana kwamba unamwokoa. Bibi huyo anakuudhi, lakini kwenye barua yako sikuona hata sehemu moja uliposema mtoto ana njaa au mchafu, na alipokukimbilia getini ina maana nyumbani hakuna aliyemfundisha kukuogopa. Hilo mshukuru bibi. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, mwambie hivyohivyo.

Kwa hiyo maoni yangu, na unaweza kuyakataa: kwa sasa usiombe mtoto aje kukaa kwako moja kwa moja. Omba vitu viwili. Utambuliwe kama baba, kisha upewe nafasi ya kuwa naye kwa siku zinazojulikana, ikiwemo likizo ya Juni na ya Desemba Uyole. Chumba cha pili kipangwe kabla ya Juni. Sweta linunuliwe kabla ya Juni.

Halafu mpigie mama wa mtoto. Katika barua nzima hukuandika kwamba umezungumza naye tangu aende Dar. Unabishana na bibi juu ya mtoto ambaye mama yake yuko hai na ana simu. Muulize ana mpango gani Januari. Akisema anamchukua, sikiliza. Akisema hawezi, au akiolewa huko na mtoto akabaki vilevile, hapo ombi la malezi liwasilishwe, na utakuwa umesimama pazuri: mzazi anayetambulika, mwenye daftari, ambaye mtoto ameshalala kwake likizo mbili na kurudi mzima. Ukiwa hivyo, nafasi yako mbele ya bibi ni nzuri. Ukienda leo na benchi la nje ndilo ushahidi wako pekee, nafasi hiyo ni nyembamba.

Pesa usikate. Wanaume hukata wakifikiri wanambana bibi. Wajibu wa kumtunza mtoto haungoji uruhusiwe kumwona, na mwezi uliokata ndio utakaosomwa kwa sauti mahakamani.

Ukishajua namba ya kiatu, niandikie.

*Mama, salamu kutoka Makambako. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitatu, naambiwa ni wangu, mama yake anadai matunzo. Sitaki ugomvi ila mtoto ananitia shaka. Naweza kwenda mwenyewe kupima DNA kimyakimya bila mama yake kujua?*

*Mwenye Shaka*

Hapana. Vipimo hivyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya, na hawampokei mtu aliyekuja na nywele za mtoto kwenye bahasha. Ombi hupitia mamlaka inayotambulika: mahakama, wakili, afisa ustawi wa jamii. Sampuli huchukuliwa kwa baba, mama na mtoto, kila mmoja akijulikana kwa jina, kwa hiyo hilo la kimyakimya lisahau. Kama mama wa mtoto ameshapeleka dai mahakamani, mwombe hakimu aagize kipimo kabla ya kuamua matunzo. Kama bado, nendeni wote wawili ofisi ya ustawi hapo mjini kwenu mkaombe barua. Ada mtaulizia palepale, na ada hiyo ulipe wewe, mwenye shaka.

Na huyo mtoto, wakati mnasubiri majibu, anywe maziwa. Lita moja ya maziwa haitakufanya baba kisheria kama wewe siye.